UZI: Kuendesha mira ya msimbo huria wakati laini ya kimataifa inasuasua

SevaYaMtaa (Dar es Salaam)

Wakuu, heshima mbele.

Watu kadhaa wamenifuata faragha wakiuliza jambo lilelile: wanataka kuweka mira ya Debian (mfumo wa Linux) na ya repo za Git (hazina za msimbo pamoja na historia yake) chuoni au ofisini, yaani seva ya hapahapa inayobeba nakala kamili ya kilichoko ng'ambo, lakini laini yao ya kwenda nje ni mbovu. Nimeona nifungue uzi tumalizane hapa.

Mira iliyochelewa haina shida kubwa. Ikiwa nyuma siku mbili, mtumiaji atapata toleo la juzi na maisha yataendelea. Balaa ni mira yenye vitu nusunusu. Orodha inasema kifurushi kipo, ukikifuata hakipo, au kipo ila heshi yake, ile alama inayokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe, hailingani na iliyoandikwa. Maabara nzima inasimama na wewe ndiye unayepigiwa simu. Ndiyo maana swali langu la kwanza huwa haligusi kasi kabisa. Nauliza: laini ikikatika sekunde hii, kilichobaki kwenye diski kitaeleweka?

Na itakatika. Mei 2024 wengi mnaikumbuka. Tarehe 12 kebo za intaneti za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu wakati mmoja, baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, huku upande wa Bahari ya Shamu SEACOM ikiwa tayari imekatika tangu Februari. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Malawi, wote tukabanana kwenye njia chache zilizobaki. Laini haikufa moja kwa moja, na kwa anayeendesha mira hiyo ni mbaya kuliko kufa. Inapumua, inakata, inarudi, inadondosha paketi. Programu nyingi zimeandikwa na watu wanaoamini kwamba mtandao ama upo ama haupo.

Tuanze na Git. Jaribu kushusha historia nzima ya keneli ya Linux, gigabaiti kadhaa, kwa git clone ya kawaida, ile amri ya kunakili repo nzima. Unaangalia asilimia zinapanda, 61, 74, 87, halafu:

`fatal: the remote end hung up unexpectedly`
`fatal: early EOF`
`fatal: index-pack failed`

Ukirudia amri unaanza sifuri. Git haijui kuendelea na clone iliyokatikia njiani, kwa sababu seva ya upande wa pili hulifunga furushi la data papo hapo kulingana na ulichoomba, na hakuna uhakika kwamba mara ya pili litatoka baiti kwa baiti kama la kwanza.

Kwa keneli dawa ipo tayari. kernel.org, makao ya msimbo wa keneli, wanaweka faili la bundle, ambalo ni repo nzima ndani ya faili moja la kawaida. Faili la kawaida linashushwa kwa wget -c, na wget -c hata ukikatiwa usiku kucha inaendelea ilipoishia:

`wget -c https://git.kernel.org/pub/scm/linux/kernel/git/torvalds/linux.git/clone.bundle`
`git clone --mirror clone.bundle linux.git`
`cd linux.git`
`git remote set-url origin https://git.kernel.org/pub/scm/linux/kernel/git/torvalds/linux.git`
`git fetch`

Hiyo fetch ya mwisho inavuta tofauti tu, tangu bundle ilipotengenezwa hadi leo.

Repo isiyo na bundle, ingia kwa kina kidogo kidogo: `git clone --depth 1`, kisha `git fetch --deepen=1000` ukirudia mpaka ufike chini, na mwisho `--unshallow`. Kila hatua iliyokamilika imekamilika, ikikatika unapoteza hatua hiyo moja tu. Au kodisha seva ndogo Ulaya kwa muda, fanya clone kule ambako laini ni nzuri, tengeneza bundle yako mwenyewe, uivute kwa wget -c. Hii ndiyo ninayoipenda.

Debian nitairudia baadaye. Karibuni.

---

Mwalimu_wa_Maabara (Dodoma)

Asante sana mkuu. Mimi naomba nisaidiwe kwenye kasi kwanza. Tunalipia megabiti 100. Nikipima kwa seva ya hapa nchini zinatoka karibu zote. Nikivuta kitu kutoka Ulaya naambulia nusu megabiti, wakati mwingine chini ya hapo. Mtoa huduma anasema "tatizo liko kwao". Kwao wapi?

---

Nyuzi_za_Kioo (Nairobi)

Mwalimu, mtoa huduma anaweza kuwa anasema kweli, ila amekuacha njiani.

TCP, itifaki inayobeba data yako, hutuma kiasi fulani halafu husubiri jibu. Kadiri jibu linavyochelewa ndivyo inavyokaa bure. Mwanga ndani ya nyuzi husafiri kilomita kama 200,000 kwa sekunde, na kebo kutoka kwetu hadi Ulaya ina urefu wa zaidi ya kilomita 10,000, kwa hiyo hata bila foleni yoyote huwezi kushuka chini ya milisekunde 100 kwenda na kurudi. Kebo ikikatika na paketi zako zikazungushwa njia ndefu, 300 ni kawaida.

Sasa ongeza paketi zinazopotea. Mbinu za zamani za TCP zikiona paketi imepotea hudhani kuna msongamano, zinapunguza mwendo kwa nguvu na kuupandisha polepole. Ukifanya hesabu ya kawaida ya milisekunde 300 na upotevu wa asilimia 1, muunganisho mmoja unapata takriban nusu megabiti kwa sekunde. Umeona? Ni namba yako hiyohiyo. Unaweza kulipia gigabiti nzima na muunganisho mmoja bado ukakupa nusu megabiti. Ukiupunguza upotevu mara 100, kasi inapanda mara 10 tu.

Washa mtr, programu inayopima njia hatua kwa hatua, kuelekea seva unayovuta, iache ikae nusu saa, uone upotevu unaanzia hatua ya ngapi. Hatua moja ya katikati ikionyesha upotevu lakini zinazofuata ziko safi, iache, hiyo ruta inapuuza tu maswali ya mtr. Upotevu ukianzia mahali na kuendelea mpaka mwisho, hapo una ushahidi wa kumpelekea mtoa huduma.

Kuna BBR pia, ile mbinu ya TCP ya Google ya mwaka 2016, haishtuki kwa kila paketi iliyopotea. Ila wengi huiwasha kwenye seva yao ya nyumbani na kushangaa haisaidii. Inayoamua mwendo ni ile inayotuma. Wewe unapokea. Ndiyo maana ushauri wa SevaYaMtaa wa seva ndogo Ulaya una faida mbili: ile seva ni yako, unawasha BBR pale, nayo ndiyo inakutumia.

---

kobe_mtandaoni

Samahani wakuu, mimi naona mnajitesa. deb.debian.org, anwani ya kushushia vifurushi vya Debian, siku hizi iko nyuma ya CDN, yaani seva zilizosambazwa duniani. GitHub nayo ni nadra kuzimika. Mira ya nini mwaka huu?

---

SevaYaMtaa

Kobe, swali zuri, na kwa watu wengi jibu ni kwamba hawahitaji. Laptop moja, tumia deb.debian.org. Ofisi ya mashine ishirini, weka apt-cacher-ng, cache ya vifurushi. Kifurushi kinashushwa mara moja na wa kwanza kukihitaji, wengine kumi na tisa wanakipata hapo ndani. Mira kamili ya Debian kwa amd64 pekee (kompyuta za kawaida za Intel na AMD) ni mamia ya gigabaiti, na kumbukumbu nzima, yaani ghala lote la Debian, ni terabaiti kadhaa. Usiibebe kama huna sababu.

Sababu ni kama chuo chenye mamia ya wanafunzi wanaosakinisha kwa siku moja, au unahudumia wengine kupitia TIX au KIXP, vituo vya kubadilishana trafiki vya Tanzania na Kenya, ambako trafiki haitoki nje ya nchi. Au unataka kuendelea kufanya kazi laini ya nje ikifa wiki nzima. Cache inacho kile tu kilichowahi kuombwa. Siku kebo imekatika, yule atakayehitaji kitu kipya ndiye atakayejua tofauti.

Haya, Debian yenyewe. Kumbukumbu yao ina sehemu mbili zinazotuhusu: `pool`, walimo vifurushi, na `dists`, zilimo orodha zenye heshi za kila kitu pamoja na saini. Ukipiga rsync (programu ya kunakili mafaili kati ya seva) moja ya jumla, inapita folda kwa alfabeti, na `dists` inaanza kabla ya `pool`. Orodha mpya inafika, laini inakata, vifurushi vyenyewe bado viko Ulaya. Ni mgahawa uliobandika menyu ya leo ukutani wakati jikoni bado wana chakula cha jana. Wateja wanapata 404, yaani faili halipatikani, na ule ujumbe wa `Hash Sum mismatch` ambao kila mtu humu amewahi kuutukana.

Kwa hiyo mwendo ni hatua mbili. Kwanza leta vifurushi vyote vipya bila kugusa orodha na bila kufuta chochote. Hatua hiyo ikimalizika salama, leta orodha, kisha futa vya zamani. Ukikatiwa kwenye hatua ya kwanza, hata kwa siku tano, watumiaji wako hawaoni kitu, wanaendelea na orodha ya zamani na vifurushi vya zamani ambavyo vyote bado vipo.

Msiandike skripti yenu ya rsync. Debian wana ftpsync, inafanya hivyo hivyo, ina kufuli ya kuzuia mbio mbili kugongana, na mwishoni inaandika faili la alama ndani ya `project/trace`. Weka `ARCH_INCLUDE="amd64 source"` na `RSYNC_BW` ili usiwanyang'anye wengine laini mchana. Kumbukumbu husasishwa mara nne kwa siku, lakini kwa laini ya kusuasua mara moja usiku inatosha.

---

mpwani_wa_kompyuta (Mombasa)

Hapo kwa kuchelewa nina nyongeza, mkuu. Umesema mira iliyochelewa haina shida. Ni kweli kwa main, sehemu kuu ya Debian, si kweli kwa security, ile ya masasisho ya usalama. Faili la Release la security, lile lenye saini ya orodha, lina tarehe ya mwisho, `Valid-Until`, na ni siku saba. Laini ikilala zaidi ya hapo, apt, kisakinishi cha Debian, inakataa kabisa, inasema Release imeisha muda.

Halafu mtu anakimbilia mtandaoni, anakuta ushauri wa kuzima ukaguzi kwa `Acquire::Check-Valid-Until "false"`, anauweka kwenye mashine zote na kuusahau hapo miaka. Ile tarehe ipo kwa sababu. Mtu akikaa katikati anaweza kukupa orodha ya zamani yenye saini halali kabisa, ukaamini umesasisha kumbe una shimo la mwezi uliopita.

Debian wenyewe hawahimizi watu kuweka mira ya security. Ipitishe kwenye cache tu. Vifurushi vyake ni vichache, hata laini mbovu inaviweza.

---

SevaYaMtaa

Nimekusoma mpwani, na uko sahihi. Security ibaki kwenye cache.

---

Mwalimu_wa_Maabara (Dodoma)

Naendelea kuelewa. Swali la Git: nikishapata mira ya kwanza, hizo fetch za kila siku ni salama kiasi gani? Na je, niwe napiga tu rsync ya folda nzima ya repo kutoka seva moja kwenda nyingine?

---

SevaYaMtaa

Mwalimu, rsync kwa repo ya Git inayoendelea kupokea mabadiliko, hapana. rsync haijui kwamba tawi likishaelekezwa kwenye komiti mpya (badiliko lililohifadhiwa), ile komiti lazima iwepo. Inaweza kubeba kielekezi cha dakika hii na vitu vya dakika iliyopita. Tumia git fetch.

Fetch yenyewe imetulia. Data inaingia kwanza kwenye faili la muda, `tmp_pack_` na herufi za ajabuajabu mbele, inakaguliwa heshi, inapewa jina lake la kudumu, na mwisho kabisa ndipo matawi yanasogezwa. Ikikatikia popote hapo, matawi yako hayajaguswa. Ila yale mafaili ya muda hubaki. Laini inayokatika kila usiku inaacha moja kila usiku, na kwa repo kubwa diski inajaa na wewe unatafuta mchawi. `git count-objects -v`, angalia mstari wa size-garbage. `git prune` inasafisha.

Weka na hizi:

`git config transfer.fsckObjects true`
`git config http.lowSpeedLimit 1000`
`git config http.lowSpeedTime 120`

Ya kwanza inakagua kila kinachoingia. Mbili za mwisho ni za laini zetu hasa. Bila hizo, fetch iliyoganda haifi. Inakaa tu, haivuti kitu, na cron, kiendesha kazi kwa ratiba, inaanzisha nyingine. Sasa Git itakata yenyewe ikiona kasi iko chini ya baiti 1000 kwa sekunde kwa dakika mbili. Na kila kazi ya cron ipite kwenye flock, kufuli ya kuzuia mbio mbili kugongana.

---

Nyuzi_za_Kioo (Nairobi)

Kabla Mwalimu hajaenda kuweka `--prune`, inayofuta kwako kilichoondolewa kule, kila mahali, asikie kisa cha KDE, mradi wa mazingira ya eneo-kazi ya Linux. Mimi kila anayeanza kazi ya mira namsimulia.

Machi 2013. Mashine pepe iliyobeba git.kde.org ilizimwa kwa ajili ya masasisho ya usalama. Ilipowashwa, mfumo wake wa faili wa ext4 ulikuwa umeharibika. KDE walikuwa na mira kadhaa, nchi mbalimbali, na waliamini hizo ndizo hifadhi yao: seva mama ikifa, kuna nyingine.

Mira hizo zilikuwa zinasoma kutoka seva mama faili lenye orodha ya miradi. Mradi uliomo kwenye orodha unasasishwa. Usiokuwemo unafutwa, maana inachukuliwa kwamba wenyewe wameuondoa. Faili hilo nalo likatoka limeharibika. Mira zikasoma, zikaona miradi haipo tena, zikafuta. Kila moja ikafanya kazi yake vizuri kabisa. Repo takriban 1,500. Kilichowaokoa ni seva moja iliyobaki na nakala nzima, na kilikuwa karibu sana na bahati.

Angalia jambo hili: laini yao haikuwa na tatizo lolote. Ingekuwa mbovu kama zetu, pengine mira mbili tatu zingechelewa na kupona.

Kwa hiyo ufutaji uwe na breki. rsync ina `--max-delete`. grokmirror, ile ya watu wa kernel.org, ina `purgeprotect`: ukiweka 5, ikiona inatakiwa kufuta zaidi ya asilimia 5 ya repo zote inagoma na kukusubiri. Kwa git ya mkono, piga `git ls-remote --refs origin | wc -l` kabla ya fetch na ulinganishe na `git for-each-ref | wc -l` ya kwako. Jana matawi na tagi 900, leo 12? Simama, piga simu.

Na hata bila kufuta, mira ya Git hufuata kwa lazima. Mwenye repo akisukuma kwa nguvu historia mpya, wewe unaipokea, na ya zamani inakuwa yatima, na baada ya wiki mbili gc, usafishaji wa Git, inaweza kuizoa. Repo wazi (bare, isiyo na mafaili ya kazi) haina reflog, kumbukumbu ya mabadiliko ya matawi, kwa kawaida. `git config gc.pruneExpire never` (na ile `git prune` usiipige ovyo, nayo huzoa yatima), pamoja na snapshot ya diski ya ZFS au LVM kila wiki.

---

kobe_mtandaoni

Sasa nimeelewa kwa nini mnajitesa. Lakini basi, heshi na saini zote hizo si zinatosha? Nani atabadilisha kitu njiani?

---

mpwani_wa_kompyuta (Mombasa)

Zinatosha kwa njiani, Kobe. Agosti 2011 kernel.org yenyewe iliingiliwa na wadukuzi, na sababu ya watu kutopaniki kuhusu msimbo ni kwamba kila komiti ya Git inabeba heshi ya iliyoitangulia. Maelfu ya watu walikuwa na nakala. Kubadilisha faili la zamani kungebadilisha kila heshi baada yake.

Lakini hazikwambii kama chanzo chenyewe ni kizuri. Machi 2024 iligundulika kwamba xz, programu ya kubana mafaili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, zilitoka na mlango wa nyuma, na tarball (furushi la msimbo la toleo) zilikuwa na kitu ambacho hakikuwemo kwenye Git. Mira zilizibeba kwa uaminifu mkubwa. Kisha GitHub wakaifunga ile repo wakati watu wanachunguza, na waliokuwa na mira ndio waliokuwa na cha kusoma.

---

Tanganyika_kaskazini (Bujumbura)

Nawasalimu ndugu zangu. Sisi huku kuna vituo ambavyo laini yake haifai hata kwa fetch. Tunatumia diski ndogo. Kila wiki kwenye mira kubwa:

`git bundle create wiki.bundle --since=10.days --all`

Siku kumi kwa wiki ya siku saba, makusudi, ili basi likichelewa kidogo bado ipo nafasi ya kuunganika. Diski inapanda basi. Kule wanapiga `git bundle verify wiki.bundle` kabla ya yote. Ikiwa wiki iliyopita haikufika, amri hiyo inawaambia komiti zipi zinakosekana, nao wanatuma ujumbe mfupi tuwatengenezee kubwa zaidi. Ikiwa sawa:

`git fetch ../wiki.bundle '+refs/*:refs/*'`

Hakuna anayelalamika kuhusu kasi. Gigabaiti kumi kwenye basi inafika siku ileile na kilobaiti kumi.

---

Mwalimu_wa_Maabara (Dodoma)

Wakuu nimeshiba. Usiku huu naanza na ftpsync, amd64 na source, security inabaki kwenye apt-cacher-ng. Swali la mwisho, SevaYaMtaa: asubuhi nitajuaje kama ilimaliza au ilikatikia njiani? Siwezi kusoma log ya mafaili elfu.

---

SevaYaMtaa

Usiisome. Fungua `project/trace`, kuna faili lenye jina la seva yako na faili la seva unayovuta. La kwako huandikwa mwishoni tu, kwa hiyo kama tarehe yake ni ya jana, usiku haikumaliza. Weka skripti inayolinganisha hizo tarehe na, tofauti ikizidi saa 48, kukutumia barua pepe. Chini ya hapo lala.

Mara ya kwanza itachukua siku nyingi, usiikatishe kwa kuona haiendi. Na ukikwama, bandika maandishi ya log humu, tafadhali usipige picha ya skrini kwa simu.